Kwa Eusebio Mhunzi, Kisha Kushoto

Hii habari hamtaiamini, nawaambia mapema ili asije mtu kunishika shati baadaye. Mimi mwenyewe nisingeiamini kama ningeisikia kwa mwingine, maana watu wengine ni waongo. Lakini nimeiona kwa macho haya mawili, na ile sehemu ambayo sikuiona nimeielewa kuliko hao walioiona. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu za kiafya, afya ya mwalimu, lakini kusimulia sikufundishwa na mtu.

Haya. South Beach, chini ya ghorofa moja refu lenye rangi ya maziwa yaliyoganda, kuna kibanda cha simu chenye upana wa mlango. Ndani yake anakaa Audace Nimbona, Mrundi wa Rutana, fundi wa simu, umri miaka thelathini na sita, mwembamba. Nikisema mwembamba namaanisha hivi: ukimtazama kwa mbele unamwona Audace, ukimtazama kwa ubavu unaona chaja zilizoning'inia ukutani nyuma yake. Hapa Durban amefika kwa mabasi, lori moja na miguu yake. Ndege anaziona zikipita juu tu.

Na mtu huyu ndiye mwelekezi mkuu wa wageni wa Fuentelmirlo.

Hamjui Fuentelmirlo? Msione aibu. Hata Wahispania wengi hawaijui. Ni kijiji kidogo huko bara ya Hispania, mbali na bahari, watu thelathini na wanane wakihesabiwa pamoja na padre anayekuja mara moja kwa mwezi. Kuna kilima nyuma, kijito mbele, daraja la mawe, kisima chenye midomo miwili ya kutolea maji, na kanisa lenye korongo wanaojenga viota juu ya mnara wa kengele. Shule ilifungwa zamani. Wamebaki wazee, kondoo, na kimya kingi.

Audace hajawahi kukikanyaga. Lakini ukimwamsha usingizini atakuambia mlango wa nani unatazamana na wa nani.

Alikijulia jikoni. Alipokuwa mtoto, kwao Rutana, kulikuwa na misheni, na kwenye misheni kulikuwa na sista wa Kihispania aliyeitwa Visitación, mpishi, mwenye mikono mikubwa kama masufuria yake. Audace alikuwa akimmenyea viazi. Viazi vilikuwa vingi na sista alikuwa na hamu ya kwao, basi kila kiazi kilimenywa na hadithi yake: kwa Eusebio mhunzi, kwa Benigna muoka mkate, kwa mapacha wawili wasioongeleshana kwa sababu ya kuku. Sista aliondoka kijijini akiwa na miaka kumi na tisa na hakurudi tena. Akazeeka hapo hapo Rutana, akazikwa hapo hapo. Audace akabaki na kijiji kizima kichwani, pamoja na Kihispania cha jikoni, nusu sala, nusu kugombeza vitunguu.

Sasa angalia dunia ilivyo ndogo. Mwaka jana mwanamke mmoja mtalii aliiogesha simu yake baharini, hapa pwani. Akaja kwenye kibanda analia na kulaani kwa Kihispania. Audace, bila kuinua kichwa, akamjibu kwa Kihispania hicho hicho: "Binti, Mungu anasikia. Lete hiyo simu na ufunge mdomo, moshi wa dhambi utakuingia."

Yule mwanamke nusura akae juu ya mizani ya muuza matunda. Walipoanza kuongea akasema anatoka Madrid, ila asili yake ni kijiji ambacho Audace hawezi kukijua, Fuentelmirlo.

"Mnara umeshatengenezwa?" Audace akauliza. "Au korongo bado wanaangusha vijiti juu ya maharusi?"

Simu ilikauka, urafiki ukalowa. Mwanamke yule alikuwa na shangazi kule kijijini, Bibi Encarna, miaka sabini na minne, aliyegeuza nyumba ya ukoo kuwa ya kulaza wageni. Nyumba nzuri, mawe matupu, shida ilikuwa kupokea simu. "Shangazi anapokea simu ya mgeni kama anavyompokea mwizi," alisema. Akampa Audace kazi hapo hapo: kila mgeni atakayepiga au kuandika, ajibiwe na Audace, apangiwe chumba, aelekezwe njia mpaka mlangoni. Mtandao haujali uko wapi.

"Lakini usimwambie shangazi uko Afrika," akamwonya. "Mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mto kwake ni mgeni. Mimi nitamwambia unakaa ng'ambo ya kilima."

Audace akalipima neno hilo na kuliona si uongo. Durban iko ng'ambo ya kilima. Ni kwamba tu katikati hapo kuna vilima vingine.

Kazi ikaanza. Bibi Encarna alikuwa anampigia kila asubuhi kumpa amri, na alimwita Audasio, kwa sababu kwake mwanaume wa heshima jina lake huishia na O. Taabu ilikuwa kelele. Durban haijui kunyamaza. Siku ya kwanza meli ilikuwa inaingia bandarini, ikapiga honi ile ya kutikisa meno.

"Nini hicho, Audasio?" bibi akashtuka.

"Ng'ombe wa jirani, Bibi. Anaumwa."

"Maskini. Tumbo?"

"Tumbo, Bibi."

Tangu siku hiyo kila meli iliyoingia Durban ilikuwa ng'ombe huyo, na Bibi Encarna akawa anamtumia dawa kwa maneno: chemsha mbegu hizi, mpe mafuta yale. Makondakta wa taxi wanaopiga miluzi na kuita abiria wa mjini, hao walikuwa wachungaji. King'ora cha polisi akakipa kazi ya mbuzi mdogo aliyepotea. Henriette, Mkongomani wa Bukavu anayesuka nywele mlango wa pili, alikuwa akicheka mpaka mistari anayomsuka mteja inakwenda kombo kama barabara ya kwao.

"Audace, weye, siku moja ile ng'ombe itakufa na utaombwa nyama," akamwambia.

Lakini kilichomponza si ng'ombe. Ilikuwa malezi.

Kwao Rutana hakuna mtu anayeelekezwa kwa namba ya nyumba. Ukimwambia mtu "namba kumi na nne" atadhani umetumwa na serikali. Mtu anaelekezwa kwa watu. Pita kwa fulani, msalimie, atakuonyesha kwa fulani. Na ukipita mlango wa mtu bila kusalimia, wewe ni mchawi au una haraka, na vyote viwili vibaya. Kwa hiyo mgeni wa kwanza alipouliza njia, Mjerumani na mkewe, Audace alimwandikia alivyofundishwa na dunia yake:

"Ukivuka daraja nenda mpaka kisimani. Mlango mkubwa wa mbao ni kwa Eusebio mhunzi. Bisha, msalimie, muulize mgongo wake unaendeleaje. Kisha kushoto, kwa Benigna muoka mkate. Huyo usipite bila kukaa kidogo, atanuna. Mlango wa tatu baada ya hapo ni kwa mapacha. Salimia wote wawili, usije ukaanza na mmoja ukadhani umemaliza. Juu kabisa ndipo kwa Bibi Encarna."

Mmeona kosa? Audace hakuliona. Kichwani mwake kijiji kilikuwa kimekaa vile vile kilivyotoka kwenye viazi, mkate ukiiva, Eusebio akigonga chuma. Hakuwahi kupiga hesabu kwamba ile habari ilikuwa na miaka sitini na zaidi.

Mjerumani ni mtu wa kufuata maandishi. Akabisha mlango mkubwa wa mbao. Akafungua mzee mmoja, Fermín.

"Habari za mchana," Mjerumani akasema, karatasi mkononi. "Bwana Eusebio yupo?"

"Eusebio alikufa mwaka wa sabini na moja."

Mjerumani akaangalia karatasi yake. "Pole sana. Na mgongo wake?"

Wakaenda kwa Benigna. Benigna alikuwa marehemu kabla watu hawajaenda mwezini, na tanuri lake sasa linalala paka. Mapacha nao walikwisha. Mjerumani na mkewe wakasalimia milango yote, wakakaa kidogo mbele ya tanuri kama walivyoagizwa, wakafika kwa Bibi Encarna wamechoka na wamefurahi, wakidhani ndiyo mila ya kijiji. Wakawaambia wenzao. Wiki iliyofuata wakaja wanne. Kisha waendesha baiskeli saba, wote wamevaa zile suruali zinazobana, wamesimama foleni mlangoni kwa mhunzi wakiulizia mgongo wa maiti.

Kijiji kikaingia hofu. Bibi mmoja akaanza kuwasha mishumaa mchana. Mwingine akawa anajibu hodi kwa kusali. Padre alipokuja na kigari chake wakamwomba alinyunyizie tanuri maji ya baraka, naye akanyunyiza, akamlowesha paka.

Jumatano, Audace amefungua simu ya mteja, vipande vyote mezani, Bibi Encarna akapiga. Hakusalimia.

"Audasio. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtumishi wako, Bibi."

"Benigna alikufa mimi nikiwa msichana. Hakuna kitabu kilichomwandika, hakuna picha yake kwenye mtandao. Wewe unajuaje kwamba alikuwa ananuna? Ama ni mtu wa huku na unajificha, ama unaongea na makaburi. Jumapili ni sikukuu ya mtakatifu wetu, meza inatandikwa uwanjani, kijiji kizima. Wewe si uko ng'ambo ya kilima? Njoo ule kondoo, tukuone sura. Usipotokea, Jumatatu simu hii nampa mtu mwingine, na wewe sikujui."

Sasa hapo mtu mwenye akili zake, mathalani mimi, angesema ana homa. Lakini Audace kalelewa: mwanamke mzee akikuita kula, hukatai. Mdomo ukajibu kabla ya kichwa.

"Nitakuja, Bibi. Asante kwa kunialika."

Akakata simu, akabaki ameshika bisibisi kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Msidhani ilikuwa mshahara tu. Mshahara ulikuwa wa kawaida. Ila sikilizeni: miaka kumi na miwili Durban, Audace ndiye mtu wa kuulizwa karatasi. Unatoka wapi, unaenda wapi, nani kakuruhusu. Foleni za ofisi anazijua kwa majina. Fuentelmirlo palikuwa mahali pekee duniani ambapo watu walimwuliza yeye njia, na akisema kushoto wanakwenda kushoto. Kuupoteza uwanja ule, na hajaukanyaga, kulimuuma kama kufukuzwa kwao mara ya pili.

Akaja kwetu. Nilikuwa nimekaa kwa Henriette, kwenye kiti cha wateja, natoa ushauri kwa dunia.

"Tonton, nimekwisha," akasema, maana huniita mjomba kwa Kifaransa cha kwao, akatueleza yote.

"Sema ukweli tu," Henriette akamwambia, kitana mdomoni. "Ile mama iko na macho. Sema niko Durban, basi."

"Akijua nimemdanganya habari za ng'ombe miezi sita atanifukuza."

"Na usipoenda atakufukuza. Sasa shida iko wapi? Ushafukuzwa."

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nikawaambia watulie. Mpango niliutoa hapo hapo, bila kalamu. Audace amevunjika mguu. Mtu aliyevunjika mguu hapandi kilima. Badala yake Jumapili atapiga simu ya video akiwa shambani kwake, ng'ambo ya kilima, amefungwa bandeji, nyasi nyuma, mbingu juu, mbuzi kando. Sura wataiona, heshima itabaki.

"Shamba gani?" Henriette akauliza. "Hapa iko lami tu, na robot za kusimamisha magari, na watu wanauza soksi."

"Bluff," nikasema.

Bluff ni ile rasi iliyojilaza ng'ambo ya mlango wa bandari, mgongo mrefu wenye miti na majani. Ukiwa huku South Beach unaiona hapo tu, lakini kuifikia lazima uizunguke bandari yote. Huko anakaa rafiki yangu Mzee Machano, wa wale Wazanzibari wa Durban ambao babu zao walishushwa Bluff zamani, enzi za meli za moshi. Machano anavua samaki na ana mbuzi. Nikampigia.

"Mbuzi nitawapa," akasema. "Lakini ana shughuli yake Ijumaa, akika ya mjukuu. Arudi mzima na asishibishwe mambo ya ajabu."

Mwezi wa nane saa za Durban na za Hispania ni zile zile, kwa hiyo saa nane mchana ya Jumapili tulikuwa Bluff, upande unaotazama mjini, kwenye mteremko wa nyasi zilizokaushwa na baridi mpaka zikawa na rangi ya mkate. Ukiziangalia kwa jicho moja, Hispania tupu. Henriette alimvalisha Audace kofia ya bereti, ya kwaya ya kina mama wa kanisa lao, akakitoa kwanza kile kimsalaba cha shanga. Mguu wa kushoto ulifungwa pazia. Mbuzi jike, mwenye ndevu za kunizidi, akasimamishwa karibu. Simu ikafungwa kwenye mpini wa fagio uliochomekwa ardhini, ikaelekezwa kwenye nyasi, ili bandari yote ibaki nyuma ya kamera. Na mtu mmoja, jina nalihifadhi, akaona busara kumfunga mbuzi kwenye mpini huo huo.

Simu ikaita. Ikapokelewa. Pale kwenye kioo kukatokea uwanja wa mawe, meza ndefu, vitambaa vyeupe, mikate, na wazee wamejipanga wote wamevaa vizuri, wanachungulia kama kuku kwenye banda jipya. Katikati, mwanamke mwenye nywele nyeupe na shingo ya jemadari. Bibi Encarna.

Audace akasahau mguu. Nyuma ya bibi yule kulikuwa na kisima. Midomo miwili, maji yanatoka kwenye yote miwili, vile vile kama alivyoambiwa. Akakiangalia mpaka Henriette akamtupia kijiwe.

"Audasio," Bibi Encarna akasema. "Mbona wewe ni mweusi?"

"Jua la ng'ambo ya kilima, Bibi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema hata upande ule jua ni kali kweli.

"Na mguu?"

"Umevunjika, Bibi. Nilikuwa namkimbilia ng'ombe wa jirani."

"Bado hajapona huyo ng'ombe?" Wazee wakanong'ona, maana habari za ng'ombe zilikuwa zimeshazunguka kijiji kizima, mwanamke mmoja alikuwa ameshamsalia rozari.

Mambo yalikuwa yanakwenda, nawaambieni. Dakika mbili zaidi tungekuwa tumeshinda. Lakini mbuzi aliona kitu kijani upande wa pili. Akavuta kamba. Mpini wa fagio ukazunguka taratibu, kwa adabu, kama mtu anayegeuka kumwangalia mke wa mtu, na Fuentelmirlo nzima ikaonyeshwa bandari ya Durban: zile winchi ndefu kama twiga wa chuma, makontena ya rangi zote, maghorofa ya South Beach yamesimama majini, na katikati ya mlango wa bandari meli moja ya mizigo, ndefu kuliko kijiji chao, inaingia polepole.

"Audace!" Henriette akapiga kelele. "Iko meli! Iko meli kwa simu!"

Ile meli nayo ikapiga honi.

Kule mezani Bibi Encarna akasogeza uso mpaka kioo kikajaa pua.

"Audasio," akasema pole pole. "Huyo ndiye ng'ombe?"

Audace akasimama kwa miguu miwili mizima, pazia likamwanguka. Akaenda akageuza simu, akavua kofia ya kina mama. Aliniambia baadaye kwamba hakuogopa tena. Alisikia uchovu tu, kama mtu anayefika mbele ya dirisha la ofisi na kuambiwa ni chakula cha mchana.

"Bibi, mimi niko Durban, Afrika Kusini. Kwetu ni Burundi. Kijiji chenu nilikijulia kwa Sista Visitación, jikoni, nikimmenyea viazi. Sikujua Eusebio amekufa. Sikujua yeyote amekufa. Nisameheni."

Mzee Fermín akainuka kwenye kiti, mwisho wa meza. "Visitación ni dada yangu," akasema. "Mimi ndiye mdogo wake wa mwisho."

"Jina lolote mtu anaweza kuliokota," Bibi Encarna akamkata. "Aliyedanganya ng'ombe atashindwa kudanganya sista? Wewe. Sema kitu ambacho Visitación peke yake alikijua. Kimoja tu. Ukikosa, hiyo simu nimekunyang'anya leo, sisubiri Jumatatu."

Audace akatafuta kichwani. Viazi vyote vya utotoni vikabiringika. Akashika kimoja.

"Alisema kuna siku padre aliingia kwenye kibanda cha kitubio, pale anaposikilizia dhambi, akatoka anapiga mayowe na kanzu imechanika. Mtu alikuwa amemfungia paka ndani. Yule kaka yake mdogo akasingiziwa, akachapwa viboko kumi na viwili mbele ya kanisa. Lakini Sista alikuwa kwenye ngazi za mnara na alimwona aliyefanya. Hakumsema kwa sababu alikuwa mtoto mdogo wa kike na alikuwa analia. Ni binti wa ile nyumba ya..."

Hapo ulimi wa Audace ukagonga ukuta. Ile nyumba ya juu kabisa. Na nyumba ya juu kabisa Fuentelmirlo ni moja.

Hakuimalizia, lakini vichwa thelathini na saba viligeuka pamoja. Bibi Encarna alikuwa ameanza kukata mkate ambao hakuna aliyeuomba.

"Encarna," Fermín akasema. "Kumi na viwili nilikula. Kumi na viwili! Mpaka leo nikiona paka nasikia matakoni!"

"Ulikuwa na mengine uliyostahili," bibi akasema, macho kwenye mkate.

"Nimemwoza kaka yako dada wa mke wangu, nimekubebea jeneza la baba yako, na muda wote huo..."

Meza ikalipuka. Walicheka wale wazee, wengine wakashikilia meno yao ya bandia kwa mkono. Mwanamke wa mishumaa alilia kwa kucheka. Mimi Kihispania nakielewa kwa macho, na nilichokiona ni jemadari anayegeuka rangi ya nyanya huku bega linaanza kumtetemeka, mpaka naye akaachia.

Walipotulia alifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Ulinidanganya miezi sita," akamwambia Audace.

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nimewadanganya hawa miaka sitini na minne."

"Mimi sijasema hivyo, Bibi."

"Ukimfukuza huyu," Fermín akadakia, "kesho napanda basi naenda kumwambia askofu habari za paka."

Bibi Encarna akamtazama Fermín, akaitazama simu. Upande wetu Henriette alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka leo saa yangu haisomi sawa.

"Kazi utabaki nayo," akasema. "Lakini ukome kunipelekea watu kwa wafu. Chukua kalamu. Kwa Eusebio sasa ni kwa Fermín, wamuulize goti, si mgongo. Kwa Benigna ni paka. Mapacha..."

"Walipatana kabla ya kufa?" Audace akashindwa kujizuia. Swali hilo alikuwa nalo tangu ana miaka tisa.

"Wapi! Tumewazika pembe mbili tofauti."

Akamsomea walio hai, mlango kwa mlango, nani ana sukari asipewe biskuti, nani hasikii aongeleshwe sikio la kulia, nani atachukia akisalimiwa wa pili. Audace aliandika juu ya lile pazia la mguu, maana karatasi hatukuwa nayo. Na kila mlango alipousikia alifumba macho kidogo akauweka mahali pake. Fermín yeye alitaka kitu kimoja tu: aambiwe kaburi la dada yake liko upande gani wa misheni. Audace akamwelekeza. Pita kwa katekista, msalimie, kisha ukiona mparachichi, kulia. Mzee akarudia maneno hayo mara mbili, kama anayejiandaa kwenda.

Tangu siku hiyo mgeni akifika Fuentelmirlo inamchukua saa nne kutoka darajani mpaka kitandani, kwa sababu kila mlango una mtu anayemsubiri na sahani. Wanashiba kabla hawajamwona Bibi Encarna, naye analalamika kwamba chakula chake kinabaki. Kila Jumatatu anampigia Audace kumpa habari mpya za kijiji, nani kaanguka, kondoo wa nani kazaa mapacha, na meli ikipiga honi anauliza ng'ombe anaendeleaje.

Lakini hamjasikia mwisho wa Jumapili ile. Simu ilipokatwa, Bluff yote ilisimama kupiga makofi, nahodha wa ile meli akazima injini katikati ya mlango wa bandari na kutoka nje kutupigia saluti, mabaharia mia tatu nyuma yake, wote wanalia, na yule mbuzi, naapa kwa ndevu zake, alipiga magoti ya mbele, akainua kichwa kuelekea Hispania, na kwa Kihispania safi, kile cha jikoni kabisa, akase...

"Tonton, wewe! Mbuzi alikuwa anakula pazia langu, na kwenye ile meli hakutoka hata mtu mmoja!" Audace akanikatiza.